Marekani Ililipaje Wakulima Wakati wa Korona? Na Sisi Tunajifunza Nini?



Mwezi huu tunajibu maswali ambayo yametufikia mara nyingi, darasani na hata kwenye foleni ya maji. La kwanza: je, ni kweli kwamba wakati wa korona serikali ya Marekani iliwapa wakulima pesa? La pili: kama ni kweli, kwa nini ndugu zetu waliokuwa wakikata nyama katika viwanda vya hukohuko hawakuipata? La tatu linaulizwa zaidi na vijana: eti mtu akifika Marekani akajiandikisha kuwa mkulima, anaanza kulipwa tu?

Tutajibu yote matatu. Ili tuelewane vizuri, tumechukua kaunti moja ya mashambani tuiangalie. Kaunti ni kama wilaya kwetu hapa.

Kaunti ya mahindi na nguruwe

Kaunti yenyewe inaitwa Sioux County. Iko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Iowa, jimbo lenye kaunti 99. Katika sensa ya mwaka 2020 watu wake hawakufika 36,000. Mji wake mkuu, Orange City, ulianzishwa mwaka 1870 na walowezi wa asili ya Uholanzi. Watu wa huko wanalima mahindi na soya, wanafuga ng'ombe wa maziwa na wa nyama, na wanafuga nguruwe. Jimbo zima la Iowa lina watu milioni 3 na kidogo, lakini nguruwe wake wanapita milioni 20. Wasomaji wetu Waislamu na Wasabato watuvumilie, maana hesabu za leo nyingi ni za nguruwe.

Msifikirie banda la nyuma ya nyumba. Huko jengo moja refu linaweza kuchukua nguruwe 2,400 kwa pamoja. Wanaingia wadogo, wanalishwa, na wakifika miezi sita hivi tangu kuzaliwa wanakuwa na kilo kama 125. Hapo lori linakuja kuwapeleka machinjioni, na wadogo wengine wanaingia. Kazi inakwenda kwa tarehe. Wakubwa wasipotoka, wadogo hawana pa kuingia, na wote wanaendelea kula.

Kiwanda kilipofungwa

Ukitoka Orange City kwa gari, mwendo wa saa moja na kidogo, unafika Sioux Falls katika jimbo la South Dakota. Hapo kuna kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe cha kampuni ya Smithfield. Mwaka 2020 kilikuwa na wafanyakazi kama 3,700, na peke yake kilitoa asilimia 4 mpaka 5 ya nyama yote ya nguruwe ya Marekani.

Wataalamu wa kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa walitembelea kiwanda hicho tarehe 16 na 17 Aprili 2020. Waliandika kwamba wafanyakazi wake wanazungumza lugha kama 40. Kati ya lugha kumi zinazotumika zaidi walitaja Kiingereza, Kihispania, Kikunama, Kinepali, Kitigrinya, Kiamhara, na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili hiki tunachoandika hapa. Hao ni watu wetu, waliotoka kambi kama hii.

Tarehe 12 Aprili 2020 kampuni ilitangaza kwamba kiwanda kinafungwa, kwa sababu korona ilikuwa imeenea ndani. Watu walikuwa wakisimama bega kwa bega kwenye mstari wa kukatia nyama. Wakaguzi wa usalama kazini waliandika baadaye kwamba wafanyakazi wasiopungua 1,294 wa kiwanda hicho waliambukizwa na wanne walikufa. Viwanda vingine navyo vikafungwa: cha Worthington, Minnesota, tarehe 20 Aprili, na cha Waterloo, Iowa, tarehe 22 Aprili. Tarehe 28 Aprili Rais Trump alitia saini amri ya kutaka viwanda vya nyama viendelee na kazi, na mwezi Mei kile cha Sioux Falls kikaanza kufunguliwa kidogo kidogo.

Sasa fikirieni mfugaji. Nguruwe wamefika kilo za kuuzwa na kiwanda kimefungwa. Kila siku wanakula, kila siku wanaongezeka, na jengo limejaa. Bei ikaanguka. Wafugaji wengine wa Iowa na Minnesota waliwaua wanyama wao wenyewe na kuwafukia. Kwa wenye ng'ombe, maziwa yalimwagwa, kwa sababu shule na mahoteli waliokuwa wanunuzi walikuwa wamefunga milango.

Na hapa kwetu? Uganda shule zilifungwa tangu tarehe 20 Machi 2020. Mwezi Aprili mwaka uleule WFP ilipunguza posho ya wakimbizi kwa asilimia 30, na Februari 2021 ikapunguza mpaka asilimia 40. Katika miezi hiyohiyo, yule kaka au dada aliyekuwa anatuma kitu kidogo kutoka Amerika alikuwa amekaa nyumbani, anaumwa au kiwanda chake kimefungwa. Ndiyo maana habari ya mbali hivyo ilifika mpaka kwenye sufuria zetu.

Pesa ya wakulima ilikujaje?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, wakulima walilipwa. Tarehe 27 Machi 2020 ilitiwa saini sheria kubwa ya msaada iliyoitwa CARES. Tarehe 17 Aprili waziri wa kilimo, Sonny Perdue, alitangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 kulipa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 kununua chakula cha kugawa. Mpango wa malipo uliitwa kwa kifupi CFAP, yaani mpango wa msaada wa chakula wa korona.

Kujiandikisha kulianza tarehe 26 Mei 2020. Ina maana tangu sheria kutiwa saini mpaka fomu kufunguliwa ni miezi miwili tu. Haraka hiyo ilitokana na nini? Ni kwamba ofisi zilikuwepo tayari. Wizara ya kilimo ya Marekani ina ofisi zaidi ya 2,000 katika kaunti za mashambani, na ofisi hizo zilikuwa na majina ya wakulima, ukubwa wa mashamba yao na akaunti zao za benki tangu zamani. Kwa sababu ya korona mkulima hakuingia ofisini. Alipiga simu akapewa miadi, akajaza fomu, akatia saini kwamba hesabu zake ni za kweli. Alitakiwa kutunza karatasi za ushahidi miaka mitatu, ili wakija kukagua azionyeshe.

Hawakulipa kila kitu. Katika awamu ya kwanza walilipa mazao na wanyama ambao bei ilianguka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili 2020. Kila mtu aliwekewa kikomo cha dola 250,000. Mwanzoni mkulima alipewa asilimia 80 ya haki yake, iliyobaki ikaja baadaye. Awamu ya pili iliandikisha kuanzia tarehe 21 Septemba mpaka 11 Desemba 2020, na mwaka 2021 ikafunguliwa tena. Zote pamoja zililipa karibu dola bilioni 31. Ukijumlisha na misaada mingine ya kilimo, mwaka 2020 serikali iliwalipa wakulima zaidi ya dola bilioni 45, kiasi ambacho hakijawahi kufikiwa kabla ya hapo.

Tupige hesabu pamoja

Sisi ni walimu, hatuwezi kuacha hesabu. Chukueni mfano wa mfugaji wa Sioux County. Ni mfano tu, hatumtaji mtu. Ana jengo moja na nguruwe ni mali yake mwenyewe.

Awamu ya kwanza ilikuwa na sehemu mbili. Kwa nguruwe mkubwa, wa ratili 120 (kilo 54) au zaidi, aliyeuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili 2020, ililipwa dola 18. Halafu kwa nguruwe waliokuwa bado bandani kati ya 16 Aprili na 14 Mei, mfugaji alihesabu siku waliyokuwa wengi zaidi, akalipwa dola 17 kwa kila mmoja.

Tuseme aliuza 2,000: mara dola 18, ni dola 36,000.
Tuseme bandani walikuwa 2,400: mara dola 17, ni dola 40,800.
Jumla ni dola 76,800.
Asilimia 80 ya kwanza ni dola 61,440, na iliyobaki ni dola 15,360.

Awamu ya pili ililipa dola 23 kwa kila nguruwe wa kuuzwa aliyekuwa bandani. Wale 2,400 mara 23, ni dola 55,200. Ukijumlisha awamu zote mbili, mfugaji wetu wa mfano anapata dola 132,000.

Tunasikia mtu anashangaa huko nyuma. Lakini tuwe wa haki. Mfugaji yule si kwamba ameokota pesa. Amenunua nguruwe wadogo, amenunua chakula, ana deni benki la jengo, na nguruwe wamekosa bei. Pesa ile ililenga kuziba sehemu ya hasara ili asiuze shamba. Mtu aliyewahi kuona mihogo yake inaoza kwa sababu barabara imefungwa anaelewa.

Nani alibaki nje?

Hapa ndipo swali la pili linapata jibu. Angalieni tena ile hesabu. Kinachohesabiwa ni nguruwe wa mtu, walioandikwa kuwa wake. Jasho la aliyefanya kazi halina safu katika fomu ile. Basi makundi matatu yalibaki nje au yalipata kidogo.

Kundi la kwanza ni wafugaji wa mkataba. Hawa wana jengo, wanalisha na kusafisha, lakini nguruwe au kuku ni mali ya kampuni. Kampuni ilipoacha kuleta wanyama, wao walikosa malipo, na mkopo wa jengo uko palepale. Awamu ya kwanza haikuwapa kitu. Bunge la Marekani liliwaingiza kwa sheria ya tarehe 27 Desemba 2020, na maelezo ya kuwalipa yalitoka Agosti 2021. Ni zaidi ya mwaka mmoja baada ya wenzao.

Kundi la pili ni wakulima wadogo wa mboga, na kati yao wako wakimbizi wanaolima nyanya, kabichi na lengalenga wakauza sokoni. Katika awamu ya pili mboga zililipwa kwa kuangalia mauzo ya mwaka 2019. Kwa mauzo yasiyofika dola 50,000 ililipwa asilimia 10.6. Kama mama aliuza mboga za dola 3,000 mwaka ule, haki yake ilikuwa dola 318. Lakini kama aliuza mkononi bila kuandika popote, ataonyesha nini? Hapo haki ipo lakini haina mguu wa kusimamia.

Kundi la tatu ni wafanyakazi wa viwanda, hao ndugu zetu. CFAP haikuwa yao kabisa. Wengi wao walipata msaada wa kawaida wa sheria ya CARES, dola 1,200 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, ambao mkimbizi mwenye namba ya hifadhi ya jamii aliyeishi huko kihalali aliweza kuupata. Wengine walipata maboksi ya chakula ya serikali, yaliyogawiwa makanisani na kwenye maghala ya misaada tangu Mei 2020 hadi mwisho wa Mei 2021. Yalitolewa zaidi ya milioni 170.

Msaada wao wenyewe, kama wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya nyama, ulitangazwa Septemba 2021. Ulikuwa hadi dola 600, mara moja tu. Mashirika ya kuugawa yalitajwa Oktoba 2022. Pimeni wenyewe. Mwenye nguruwe alifunguliwa fomu baada ya miezi miwili. Aliyekata nguruwe alisubiri zaidi ya miaka miwili kujua ni nani atakayempa zile 600.

Kwa nini iwe hivyo? Wengine watasema ni upendeleo, kwamba wenye mali husikilizwa kwanza na wakubwa. Hatuwezi kusema hilo halina ukweli. Lakini ipo sababu nyingine, na hii ndiyo inayotugusa sisi. Mkulima alikuwa tayari ndani ya vitabu vya ofisi ya kaunti yake. Mfanyakazi wa mstari wa nyama hakuwa na ofisi ya namna hiyo inayomjua kwa jina, na serikali ilibidi kwanza itafute mashirika ya kumfikia. Pesa ya msaada ilipita mahali palipokuwa na orodha.

Je, mtu akifika huko anaanza kulipwa?

Hapana, vijana wetu. Malipo yale yalikuwa ya mtu aliyekuwa tayari analima au anafuga, mwenye mali na hesabu. Halafu mpango wenyewe umekwisha: siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa 12 Oktoba 2021. Kwa hiyo mtu akikutumia ujumbe kwenye simu kwamba ulipe shilingi kadhaa akuandikishe kwenye "pesa ya korona ya wakulima wa Amerika", huyo ni tapeli. Usimpe pesa, usimpe namba ya kadi yako ya ukimbizi, wala usimtumie picha ya watoto. Mwambie na jirani.

Sisi tunafanya nini na habari hii?

Wapo watakaosema, walimu, hayo ni ya Wazungu wenye majengo ya nguruwe, sisi tuna kipande kidogo cha shamba na mbuzi watatu. Ni kweli. Lakini hata hapa mvua ya mawe ikipiga, au ugonjwa wa mifugo ukiingia, au shirika likileta mbegu, anakuja mtu na karatasi anauliza: ulikuwa na ngapi? Ulivuna kiasi gani mwaka jana? Wengi wetu tunajibu "nyingi tu" au "kama magunia mawili hivi". Mwenye daftari anajibu kwa namba, na jina lake linaandikwa na namba yake.

Tunapendekeza kila nyumba inunue daftari moja la kurasa 48. Piga mistari upate safu tano: tarehe, kitu gani, ngapi, bei, na nani amenunua au ameuza. Andika siku ulipopanda na kiasi cha mbegu. Andika mbuzi akizaa, andika akifa. Andika ulichouza sokoni, hata kama ni fungu la nyanya. Kama umekodi shamba la mtu, andika mlivyopatana, mtie saini wote wawili, na shahidi mmoja. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu tumeona wale wafugaji wa mkataba walivyosahauliwa. Walifanya kazi yote, lakini kilichohesabiwa ni mali ya mwingine.

Kwa wazazi ambao hawakupata nafasi ya shule, msione haya. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuandika, nanyi mnamwambia. Yeye atajifunza hesabu, nanyi mtakuwa na kumbukumbu. Mwisho wa mwezi kaeni pamoja jioni mjumlishe. Na vikundi vya akiba, tunaomba makatibu watengeneze orodha ya mifugo na mashamba ya wanachama, kisha nakala ikae kwa mtu wa pili, maana daftari moja likinyeshewa mvua yote yamepotea.

Na kwa ndugu walioko Marekani: mkiongea nao kwenye simu, waambieni nao watunze karatasi za mshahara, barua za kazi na za hospitali. Msaada mwingine ukija siku moja, watakaoulizwa ushahidi ni wao.

Zoezi la nyumbani kwa watoto (wazazi wasaidie kidogo tu)

Mama mmoja ana mbuzi 6, kuku 25 na magunia 4 ya maharagwe. Mafuriko yamechukua vyote. Serikali ya mfano inalipa shilingi 20,000 kwa mbuzi, 1,500 kwa kuku na 30,000 kwa gunia.

a) Haki yake yote ni shilingi ngapi?
b) Kama analipwa kwanza asilimia 80, atapokea shilingi ngapi?
c) Daftari lake linaonyesha mbuzi 4 na kuku 10 tu, na maharagwe hakuyaandika. Ofisi inalipa kilichoandikwa. Atapata shilingi ngapi, na amepoteza shilingi ngapi?

Leteni majibu shuleni pamoja na daftari la nyumba yenu, hata kama lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa. Majibu sahihi tutayatoa toleo lijalo. Mbaki salama.